Wa Kubebwa Bure ni Maiti

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Mkaguzi Kepas wa ofisi ya usafiri wa anga amesimama mbele ya pangaboi la ndege, mkono juu, tai yake ikipeperuka kama inayotaka kumkimbia mwenyewe. Wasomaji wawili watatu mmeniapia kwamba angekatwa vipande. Poleni. Kapteni Giwisa alizima injini.

Alizima kwa sababu hakuwa muuaji, ingawa asubuhi ile alitamani kuwa. Nyuma yake, mahali palipokuwa na viti kabla hajaving'oa, alilala Ositepe, mpwa wake, mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Alikuwa katika siku ya pili ya uchungu na mtoto amekingama tumboni. Nesi wa kijiji alikuwa ameshajaribu yote anayoyajua na mengine asiyoyajua, kisha akanawa mikono na kusema mpelekeni mjini Lae, hospitali kubwa, akapasuliwe.

Kwa ndege ya Giwisa, Lae ni mwendo wa kutafuna popoo moja mpaka itemwe. Kwa miguu ni siku nne za kupanda na kushuka, na hizo ni za mtu mzima asiyebeba machela.

"Shuka," akasema Mkaguzi.

"Nina mgonjwa."

"Nimemwona. Shuka tuzungumze kabla hujaongeza kosa juu ya kosa."

Giwisa akashuka. Watu wa kijiji kile cha Wamuki wakasogea karibu, maana katika bonde lile hakuna mazungumzo ya watu wawili.

Mkaguzi akatoa simu na kumwonyesha picha ile tunayoijua: Giwisa anacheka mpaka gego, mkono umemzunguka nguruwe shingoni. Ilipigwa siku ukoo mmoja wa ng'ambo ya mto ulipomshukuru kwa kumpeleka hospitali kijana wao aliyevunjika mguu. Nani aliirusha picha hiyo mjini bado hatujui, ingawa mimi na wewe tuna mtu wetu tunayemshuku.

"Huyu ni nani?"

"Nguruwe."

"Wa nani?"

"Alikuwa wangu. Tumeshamla."

Watu wakacheka. Mkaguzi hakucheka. Akaeleza, taratibu, kama anayemweleza mtoto, kwamba leseni ya Giwisa ni ya rubani binafsi. Ruhusa aliyonayo ni kurusha ndege yake kwa shughuli zake, na kumpakia ndugu au rafiki akipenda, mradi asipokee kitu, kiwe pesa au kiazi kitamu. Siku aliyompokea yule nguruwe alikuwa ameuza safari. Mwenye kuuza safari lazima awe na cheti cha biashara, fundi wa kudumu, bima, na rubani wa kupimwa mara kwa mara. Giwisa alikuwa na nini? Alikuwa na ndege aliyoachiwa na mzungu wa shamba la kahawa aliyezeeka akarudi kwao, na fundi wake alikuwa yeye mwenyewe. Kwa hiyo leseni imesimamishwa, kuanzia asubuhi hiyo.

"Ulitaka nimkatae?" akauliza Giwisa.

"Ndiyo."

"Wewe ni mtu wa bonde la pili hapo. Mama yako kazaliwa nyuma ya mlima huu. Usijifanye hujui kumkataa mtu nguruwe ni nini."

Mkaguzi alijua. Kukataa zawadi kule ni kumwambia mwenzako kwamba huna haja naye, na kwamba yeye naye siku akikwama asikusumbue. Watu wameshapigana mishale kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Akairudisha simu mfukoni. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Kaka yangu alipanda ndege ya mtu kama wewe. Mtu mwema, kila kijiji kinampenda. Walimpa kahawa, akapakia watu, akapakia na kahawa, ndege ikazidiwa. Mimi ndiye niliyepanda mlima kwenda kuwaokota. Kwa hiyo usinieleze habari za nguruwe, Kapteni."

Kwa mara ya kwanza Giwisa akaona kwamba mtu huyu aliyemchukia tangu sehemu ya nne ya hadithi yetu si adui yake, na hilo likamvunja moyo zaidi, kwa sababu adui unaweza kumpiga ngumi.

"Basi waite hao wenye vyeti," akasema mwishowe. "Waite waje wamchukue. Mimi nitakaa chini."

Wakakimbilia kwenye redio koli ya kanisa. Mkaguzi mwenyewe akashika kipaza sauti na kuita kampuni moja ya ndege za kukodi kule Lae. Akaitika msichana mchangamfu. Ndege ipo, rubani yupo, mafuta yamejaa, wanaweza kuruka sasa hivi. Kiwanja gani?

"Wamuki."

Redio ikakoroma kidogo.

"Wamuki imefungwa, bosi. Kuna amri hapa."

"Amri ya nani?"

"Imeandikwa Kepas Yawanu, bosi."

Msomaji, hapo ungemwona Mkaguzi. Alikuwa amekifunga kiwanja kile kwa mkono wake baada ya mvua kumega upande wa chini, na alikifunga kwa haki, kwa maana ndege kubwa za makampuni zingetua zikashindwa kuondoka, au zingeondoka zikaishia mtoni. Kandege ka Giwisa, kakiwa na mtu mmoja au wawili, ndiko pekee kalikoweza kujitupa kwenye kile kipande kilichobaki.

"Si ukifungue tu?" akauliza shemeji yake Giwisa, mzee Tingke, baba wa Ositepe. "Wewe si ndiye uliyefunga?"

"Nikikifungua, mzee, udongo hautarudi."

Na ile helikopta iliyomshusha Mkaguzi alfajiri? Ilikwishakwenda mgodini, na wenye mgodi walikuwa wameikodi mpaka kesho yake jioni. Mkaguzi akawaomba, akawabembeleza, akataja cheo chake. Wakamjibu kwamba rubani wao yuko hewani na hawampati.

Ikawa hivyo. Anayeruhusiwa kumbeba Ositepe hawezi kutua, na anayeweza kutua haruhusiwi. Wakarudi kiwanjani polepole, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Ositepe alilia mle ndani, kilio kifupi cha mtu aliyechoka hata kulia. Mkaguzi akasimama. Akalegeza tai yake, akaivua kabisa na kuikunja mkononi.

"Kuna tundu moja katika sheria," akamwambia Giwisa. "Kuokoa maisha. Naweza kukuruhusu safari moja kwa jukumu langu, nitakwenda kusema mjini kwamba nilikuwepo na nilikubali. Lakini iwe bure. Bure ya kweli. Utamke mbele ya watu wote hawa, nao waitike. Wakinihoji, niseme nimesikia kwa masikio yangu."

Giwisa nusura ambusu. Hakungoja. Akapanda juu ya pipa la mafuta, akapaza sauti ili hata wa mwisho asikie.

"Nitambeba Ositepe bure. Sitapokea kitu, leo wala kesho. Na watoto wangu hawatapokea."

Hakuna aliyeitika.

Akawatazama, wakamtazama. Ndipo alipojua alichokisema, na akatamani pipa lile limmeze.

Tangu ndege ya kwanza itue Wamuki, hakuna mtu aliyepanda bila kuacha kitu mkononi mwa rubani. Kuku, fungu la magimbi, chochote. Kile kitu ndicho kinachomfunga rubani: amekipokea, basi amekubali kumrudisha mtu yule nyumbani. Anayebebwa bure ni maiti tu, kwa sababu maiti harudi na hakuna wa kudaiwa. Giwisa alikuwa ameshawabeba maiti wengi kutoka Lae, na siku zote husema maneno yaleyale aliyoyasema sasa juu ya pipa: sipokei kitu.

Na hapa ni mjomba mtu! Mjomba ndiye wa kupewa kabla ya wote. Mjomba akikataa, nani mwingine atakubali?

Mainao, dada yake Giwisa, mama wa Ositepe, akachuchumaa pale pale alipokuwa. Akachota tope kwa mikono miwili, akajipaka usoni, akaanza kuomboleza. Sauti ya kwanza ilikuwa ndogo. Wanawake wa pembeni wakaidaka, na baada ya muda kiwanja kizima kilikuwa kinamwombolezea Ositepe kwa jina lake na jina la baba yake, wakitaja mashamba aliyolima na njia alizopita.

Ositepe alisikia kila neno.

Giwisa akarukia mlangoni. Alimkuta amejiinua kwa kiwiko, jasho linamtiririka, anatafuta pa kuweka mguu.

"Nishushe, mjomba."

"Lala, mwanangu."

"Wananililia. Kama ndiyo hivyo nishushe. Nikafie ndani kwa mama, siyo ndani ya bati lako."

"Hufi. Ni maneno ya serikali tu, nimeyasema ili turuke."

"Uliyasema kwa marehemu Yawising," akasema Ositepe. "Nilikuwepo ulipomleta kwenye sanduku. Uliyasema hivyo hivyo."

Giwisa akarudi kwa Mkaguzi mbio. Akamweleza kwa pumzi moja. Akaomba aruhusiwe kupokea gimbi moja tu, dogo, la kutoa mkosi.

"Hata ganda la gimbi," akasema Mkaguzi. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Kwa hiyo kila abiria ameacha kitu? Siyo nguruwe mmoja tu?"

Giwisa akang'amua kwamba amejichimbia shimo jipya. "Kuku," akasema. "Zaidi ni kuku."

"Sikusikia," akasema Mkaguzi. "Niambie nifanye nini, maana mimi hata sijui."

Aliyejua ni mzee Tingke. Alitokea nyuma ya nyumba akimburuta nguruwe wake mkubwa kwa kamba, yule aliyekuwa akimnenepesha kwa ajili ya Krismasi, akaja moja kwa moja na kuitia kamba mkononi mwa Mkaguzi.

"Mpokee wewe. Wewe si rubani. Wewe ndiye umekubali aende, basi wewe ndiye utamrudisha."

Mkaguzi aliiachia kamba kama imemuunguza. "Mzee, mbele ya ofisi yangu hiyo inaitwa hongo. Nitafungwa."

Mzee Tingke akamtazama kwa huruma ya kweli. "Tukilipa ni kosa. Tusipolipa amekufa. Tukikupa wewe ni jela. Hiyo sheria yenu, baba, walioitunga hawakuwa na jamaa?"

Nguruwe akakaa chini katikati yao. Maombolezo yalikuwa yamefika kwenye majina ya mababu, na kutoka hapo hayako mbali kwisha. Giwisa alijua kwamba yakiisha watakuja kumshusha Ositepe kwa heshima zote, wamlaze nyumbani, wakae kumngoja.

Mkaguzi aliwatazama wale wanawake. Akaitazama ndege. Sijui alimwona nani mle ndani, Ositepe au kaka yake.

"Kapteni," akasema, "choo kiko wapi?"

"Nyuma ya kanisa."

"Mbali?"

Giwisa akalitazama kanisa. "Mbali kidogo."

"Mkojo wangu siku hizi unanitesa. Nikienda nachelewa sana." Akageuka, akaondoka akitembea kama mzee wa miaka tisini, tai yake mkononi, hata mara moja hakuangalia nyuma.

Mainao ndiye aliyeelewa kabla ya wengine. Akainuka na tope lake usoni, akavua shingoni lile ganda la chaza alilotolewa mahari, lenye kamba iliyokwisha kuwa nyeusi kwa jasho la miaka, akamvika kaka yake.

"Pokea, Giwisa."

Giwisa akalishika kwa mikono miwili. "Nimepokea, dada."

Kilio kikakatika. Mtu mmoja akacheka, wakacheka wengi. Mwanamke mmoja akaanza kumfuta Mainao tope kwa mkoba wake wa kufuma, akimtania kwamba amezeeka hata kulia hajui tena. Mzee Tingke akamsukuma nguruwe kwa mguu, akamwambia kapona mpaka Krismasi. Na mle ndani ya ndege sauti nyembamba ikauliza, amepokea?

"Amepokea!"

"Basi twende," akasema Ositepe, akajilaza mwenyewe.

Laiti ningeweza kukomea hapo wiki hii. Ningelala vizuri.

Giwisa aligeuka kuangalia mlango wa bonde, ule mwanya baina ya milima miwili ambao ndege zote za Wamuki hupitia kwenda tambarare. Asubuhi ni ya ndege, jua likipanda ni ya mawingu. Hilo hata watoto wa kule wanalijua. Wingu huanza chini, hupanda kama maziwa yanayochemka, na halimngoji mtu amalize kubishana. Wao walikuwa wamebishana juu ya nguruwe, juu ya amri, juu ya gimbi na ganda lake.

Mlango haukuwepo. Pale palipokuwa na mwanya palikuwa peupe, juu mpaka chini, bila tundu hata la kupita ndege wa manyoya.

Mkaguzi alikuwa anarudi kutoka nyuma ya kanisa. Naye akaona. Hatua zile za kizee zikamtoka, akaja mbio.

"Hapana," akasema. "Kapteni, hapana. Leseni weka kando, sisemi habari ya leseni sasa. Huna vyombo vya kuruka ndani ya wingu. Ndege yako nimeikagua mimi mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Kile chombo cha kuonyesha kama mabawa yamelala sawa kilikufa zamani, na Giwisa aliruka kwa macho yake tu, kama wote wenye ndege za namna ile. Rubani wa macho haingii winguni. Kanuni hiyo hata rubani mkorofi kuliko wote milimani anaikubali, maana waliokataa wote wamezikwa.

Giwisa akamgeukia nesi. "Kesho asubuhi mlango utakuwa wazi. Atafika kesho?"

Nesi akatazama miguu yake. Alikuwa binti wa kijijini, amekua na Ositepe, wamecheza pamoja. Akatikisa kichwa.

"Hata jioni ya leo?"

Akatikisa tena.

Giwisa alisimama na ganda la dada yake kifuani. Akatamani kulivua. Aliwaza kwamba akilivua sasa, akamrudishia Mainao mbele ya watu, hakuna atakayemlaumu kwa neno, ila hakuna atakayemwita mjomba tena, na Ositepe atakufa huku anajua. Akiruka, atakufa pengine pamoja naye, na atakuwa amekufa akijaribu.

"Mjomba," Ositepe akaita kutoka ndani, hana habari ya wingu, amelala chali anaangalia bati. "Mbona hatuendi? Umeshapokea cha mama."

Giwisa akapanda.

Mainao alitaka kwenda naye, nesi alitaka, wote wakakataliwa. Kiwanja kilikuwa kifupi mno kwa mtu wa tatu. Mkaguzi alishika ukingo wa mlango. Alikuwa na mamlaka ya kuuchomoa ufunguo wa injini na kuutupa mtoni, na vidole vyake vilishaanza kwenda huko. Kisha akasikia tena kile kilio kifupi nyuma ya kiti.

"Ukivuka mto, shika kushoto," akasema. "Usichelewe. Kaka yangu..." Hakumaliza. Akafunga mlango mwenyewe, akarudi nyuma.

Kiwanja cha Wamuki kimeinama kuelekea bondeni. Ukishaachia breki, umeachia. Hakuna kusita katikati. Ndege ikateremka ikirukaruka juu ya nyasi, ikafika pale udongo ulipomegeka na magurudumu yakakanyaga hewa. Ikazama kidogo, ikajishika, ikaanza kwenda.

Waliona jua kwa muda wa kuvuta pumzi chache. Baadaye kila kitu kikawa cheupe.

Giwisa aliishika dira kwa macho mpaka yakamwuma. Alilijua bonde lile kama jiko la nyumbani kwake, wapi mto unapinda, wapi mlima unatoa goti. Lakini hata jikoni kwako, taa ikizimika, unajigonga. Akaanza kuhesabu kimoyomoyo mpaka pa kuvuka mto. Akahesabu, akapoteza, akaendelea kutoka pale alipodhani amefika. Akashika kushoto.

Ositepe alipiga ukelele mmoja mrefu kuliko yote ya tangu jana. Halafu akanyamaza, na ngurumo ya injini ikabaki peke yake.

"Mjomba."

"Naam, mwanangu."

"Mtoto ameacha kucheza."

Giwisa alitaka kugeuka. Alitaka kunyoosha mkono nyuma angalau amshike kidole. Anayegeuza kichwa ndani ya wingu hupoteza juu na chini, na yeye hakuwa na chombo cha kumrudishia, kwa hiyo alibaki anatazama mbele huku machozi yakimziba macho aliyokuwa anayahitaji.

"Lala tu," akasema. "Tumekaribia."

Hakujua kama wamekaribia. Mbele yake weupe ulikuwa umeanza kuingia weusi katikati, kama doa kwenye shuka, na lile doa likawa linakua. Akajiambia ni wingu la mvua tu.

Kisha akaona matawi.